Jino Likinyamaza Halijapona

Wasee, wacha nianze na dhambi yangu kabla sijagusa ya wengine.

Mwaka jana nililipwa 3,000 nisugue meno na poda nyeusi mbele ya kamera. Wengi wenu mliiona hiyo vidio. Nilisugua, nikatema, nikachekea simu, nikasema meno yatang'aa ndani ya siku saba. Chenye sikusema ni kwamba hiyo siku nilikuwa natafuna na upande wa kushoto peke yake. Upande wa kulia, chini, nilikuwa na gego lenye shimo la kutosha kuficha punje ya mahindi. Mchana nauza tabasamu, usiku nalala nimekandamiza shavu kwa mto.

Wiki chache baadaye nikapost picha nikiwa nimefura uso mzima. Nilitarajia mnicheke. Wachache mlicheka, sawa. Lakini DM zilijaa maswali. Ati uking'oa jino la juu macho yanaharibika? Ati daktari akikusafisha meno yanalegea? Amoksili inaponya jino? Mbona fizi zinatoa damu nikipiga mswaki? Si bora ning'oe tu nimalizane na hii stori?

Nimewajibu mmoja mmoja hadi nikachoka, kwa hivyo nayaweka yote hapa. Mimi si daktari. Hata digrii niliachia mwaka wa pili karo ilipokataa. Kila kitu hapa nimesoma kwanza, halafu nikamwuliza mtu wa hiyo kazi. Lakini msitarajie upole. Nimekasirika, na nikimaliza nataka na wewe ukasirike.

Gego langu lilianza na ngumu, ile ya kibanda, na chai ya strungi asubuhi nikikimbilia leksha. Kipande kidogo kikavunjika. Halikuuma, nikaendelea na maisha.

Hapo ndio mtego uko. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari yenye unakula, wanatoa asidi, na asidi inamung'unya gamba la nje la jino. Hilo gamba halina mshipa wa fahamu. Shimo linachimbwa miezi na miezi na wewe huskii kitu. Ukianza kuruka ukinywa maji baridi, gamba limeshapitwa. Ukianza kuamka saa nane usiku, uozo umefika katikati, kwenye mshipa wenyewe. Kwa hivyo ile kanuni yetu ya mtaa, "nitaenda likiuma", inamaanisha nitaenda nikiwa nimechelewa.

Mimi nilipofika saa nane usiku nilienda kwa dokta. Mnajua dokta wetu, mwenye kemisti. Akanifungia amoksili na dawa ya maumivu kwa karatasi. Siku tatu, kimya. Miezi miwili, likarudi. Nikarudi kwa dokta. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne likaacha kuuma lenyewe bila hata kidonge, nikamshukuru Mungu, nikaandika kwa status yangu "tumeshinda".

Hatukuwa tumeshinda. Jino likiacha kuuma ghafla bila kutibiwa, mara nyingi mshipa umekufa. Maumivu yanaisha juu mwenye kulia ameaga. Uchafu unabaki mle ndani, unashuka kwenye mzizi, unaingia kwenye mfupa wa taya. Antibayotiki inaweza kutuliza uvimbe ukienea, na daktari anaweza kukupa kwa sababu hiyo, lakini haiwezi kuziba shimo wala kutoa kitu kilichoozea ndani ya jino. Kila ukimeza bila kutibiwa jino umelipia kimya cha wiki chache, na umewafundisha bakteria kuizoea hiyo dawa.

Siku nilipofura, mathe alinitoa kejani saa kumi na moja asubuhi. Hiyo siku hakuenda kufua nguo za watu, kwa hivyo andika hasara ya kwanza hapo. Tukapiga foleni kwa kituo kimoja, sitakitaja. Nilipofika mbele nikauliza kama jino linaweza kuokolewa. Nikajibiwa bila hata kuangaliwa usoni: "Hapa tunang'oa tu." Tukatoka, tukajaribu kliniki ya kulipia. Kutibu mzizi na kuweka kofia juu, wakanitajia pesa ya kodi ya keja yetu miezi mitano. Tukarudi kwa foleni. Nikang'olewa kwa 500.

Njiani kurudi nilikuwa nimenyamaza. Mathe akaniambia, "Wacha kununa. Kwani jino ni moja? Bado una mengine."

Kwa hesabu yake mathe hakosei. Hesabu ndio yenyewe imekosewa, na si yeye aliyeiandika.

Wacha tuitazame hiyo hesabu. Huku kwa Reuben, mtu akipoteza siku moja ya kibarua Industrial Area, kesho getini mahali pake pana mtu mwingine. Kwenda kuangaliwa jino lisilouma ni kulipa siku nzima kwa kitu chenye huoni. Kuziba jino shimo likiwa dogo ni bei ya kawaida, lakini kiti cha karibu na cha bei yako hakizibi, kinang'oa. Kinachoziba kiko mbali na kina bei ya watu wa mbali. Kwa hivyo unangoja. Ukingoja, shimo linakua hadi kuziba hakuwezekani tena, na mtu aliyevaa glavu anakuambia, "Nyinyi watu wa mtaa mnachelewa sana kuja." Eh! Tunachelewa kuja wapi, na mlango uliokuwa wazi ni wa koleo peke yake?

Halafu watu wa vipindi vya afya wanakuja kutuambia tunaogopa sindano. Wengine wanaogopa, ni kweli. Hata mimi niliogopa. Lakini ile sindano ya ganzi inafinya sekunde chache na jino bovu linakutesa miezi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayechagua miezi. Ukiona mtaa mzima umechagua miezi, acha kuhesabu uoga wao na uhesabu pesa zao.

Na tusidhani ni sisi pekee. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wako kwenye nchi za kipato cha kati, kama Kenya. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulipata karibu robo ya watoto waliopimwa wana meno yaliyooza, na karibu watu wazima wote waliopimwa fizi zao zinatoa damu. Karibu wote! Nchi nzima inatema pink kwenye sinki na kila mtu anadhani ni yeye peke yake.

Sasa mtu ataniambia: kijana, serikali haina pesa, mashine za meno ni ghali, stima ya mtaa inapotea kila saa. Hiyo ngoja niijibu vizuri, juu ndiyo ilinikasirisha zaidi nilipoanza kusoma.

Katikati ya miaka ya 1980, hapa jirani Tanzania, daktari Mholanzi anaitwa Jo Frencken na wenzake walijaribu kitu rahisi. Walichukua vifaa vya mkono, wakakwangua sehemu iliyooza bila mashine ya kuchimba, wakaziba na simiti maalum ya meno inayoshika kwenye jino na kutoa floridi polepole. Hakuna stima. Mara nyingi hakuna hata sindano. Inaweza kufanyika shuleni, mtoto amelala kwenye dawati. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe hiyo njia Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mwaka 2021 shirika hilohilo likaweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu ile simiti, dawa ya meno yenye floridi, na maji fulani ya madini ya fedha yanayopakwa kwenye shimo ili uozo usimame.

Njia yenyewe ina mipaka. Haingeokoa gego langu, lilikuwa limeshakufa. Inafaa mashimo madogo, yale ya mapema, yale yenye watoto wa huku wanayo sasa hivi kwenye madarasa ya mabati. Na Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, wanasomea KMTC, kazi yao ni hii hii ya mashinani. Kwa hivyo njia ipo, ilizaliwa ng'ambo ya mpaka wetu, ina miaka kunizidi. Usiniambie ni mashine. Niambie tu kwamba jino la mtoto wa Mukuru halijawahi kufika kwenye bajeti.

Na mimi na wenzangu wa kamera tumefanya nini? Tumeuza poda.

Wacha niseme wazi. Zile poda nyeusi zinakwaruza. Zinatoa madoa ya juu ya chai na sigara, lakini ukizidisha zinasugua na gamba lenyewe, na gamba likiisha halioti tena. Ndimu na magadi ni hadithi hiyohiyo: asidi pamoja na msasa. Kuna dada mmoja wa ploti yetu aliinunua ile poda kwa sababu yangu. Ana meno ya kahawia tangu utotoni, na shuleni walimtania hadi akajifunza kucheka akiwa amefunika mdomo. Alisugua asubuhi na jioni wiki mbili hadi fizi zikachubuka. Akanijia mlangoni na ule mkebe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mimi nakosea wapi?"

Hakukosea popote. Ile kahawia yake iko ndani ya jino. Inatoka kwa floridi nyingi kwenye maji aliyokunywa akiwa mdogo, meno yakiwa bado yanajitengeneza. Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, imejaa, na visima vingi vya Nairobi pia vina floridi kupita kiwango. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Floridi kidogo kwenye dawa ya meno inalinda jino, nyingi kwenye maji ya kunywa miaka na miaka inalitia doa. Yeye alikunywa maji ya mtungi, hayo yaliyokuwapo, halafu mimi nikamuuzia aibu yake kwa mkebe. Nimemrudishia pesa. Lile tabasamu la mkono mdomoni siwezi kulirudisha na M-Pesa. Hiyo vidio nimeitoa, na ofa nyingine ya poda imekuja mwezi huu nikaikataa, na sikuwa na pesa ya stima nikiikataa. Mwenzangu wa kontenti, kama unasoma hii, toa yako pia.

Majibu yenu sasa, haraka haraka.

Kung'oa jino la juu hakuharibu macho. Mishipa ya macho ina njia yake.

Kusafishwa hakulegezi meno. Daktari anatoa ukoga uliogeuka jiwe. Kama jino linacheza baada ya hapo, fizi na mfupa vilikuwa vimeshaharibika, na lile jiwe ndilo lilikuwa limeshikilia kila kitu kama plasta ya ukuta mbovu.

Fizi zikitoa damu usiache mswaki. Mara nyingi damu inakuja juu uchafu umekaa kwenye ukingo wa fizi. Piga polepole na mswaki laini, hapo hapo penye damu. Ikipita wiki mbili bado, nenda ukaangaliwe.

Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndiyo usiwahi kuruka. Dawa yoyote yenye floridi, hata ya bei ya chini, haina haja ya kuwa ya matangazo. Ukimaliza tema, usisukutue na kikombe kizima cha maji, acha ile floridi ikae. Mti wa mswaki wa watu wa Pwani na wafugaji ni sawa ukitumia vizuri, shosho zetu hawakuwa wajinga.

Karafuu inatuliza kweli kwa muda, lakini haiponyi. Usiweke aspirini kwenye fizi, inachoma nyama. Usiweke petroli wala maji ya betri, jamani.

Sukari: idadi ya mara ina maana kuliko wingi. Soda moja na chakula ni afadhali kuliko soda hiyohiyo unayoionja kidogo kidogo mchana wote ukitafuna muguka. Kila fundo ni asidi mpya.

Si bora ning'oe? Ukishatoa gego, meno ya jirani yanaegemea pengo na la juu yake linashuka kutafuta mwenzake. Kung'oa ni tiba jino likifika mwisho. Kabla ya hapo, kwanza uliza kama linaweza kuzibwa.

Na hii moja msome mara mbili. Ukifura chini ya taya, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo si ya kemisti tena. Uvimbe wa jino unaweza kufunga njia ya hewa na kuua mtu. Nenda hospitali kubwa, idara ya dharura, usiku huo huo. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Kariri hiyo namba.

Najua kuna mtu atasema najitetea, kwamba uvivu wangu wa mswaki nauvisha koti la siasa. Nakubali nusu. Hiyo miaka yote nililala bila kupiga mswaki mara nyingi kuliko nilivyopiga, na hakuna MCA alikuja kunifungia mlango wa choo. Hilo ni langu. Lakini vijana wa mitaa yenye lami pia wanakula pipi na kulala bila mswaki. Tofauti ni kwamba yao yakitoboka yanazibwa na yetu yanang'olewa. Kosa ni lilelile na adhabu ni mbili.

Mdogo wangu ana miaka 14. Mwezi uliopita nilimwambia afungue mdomo nikamulika na tochi ya simu. Gego la chini, upande uleule kama wangu, doa jeusi lenye shimo dogo. Haliumi. Mathe akasema tungoje. Hiyo siku nilimkatalia mathe kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, kwa heshima, lakini nilikataa. Nilimwambia, "Mathe, langu pia halikuwa linauma."

Nilianza kupiga simu. Kila mahali maswali matatu: kiti cha meno mnacho? Mnaziba ama mnang'oa tu? SHA inalipia nini hapo kwenu? Sehemu nne zilinijibu hawazibi. Ya tano ilisema njoo Jumanne. Wasiojua, Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno, ambapo wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na walimu wao. Mkiwa na subira, ulizeni huko pia. Na popote mnapoenda, angalieni kama kliniki na daktari wako kwenye orodha ya KMPDC. Iko mtandaoni, dakika mbili tu. Mtu mwenye koleo na kiti cha plastiki hajakuwa daktari.

Jumanne hiyo tulilipa pesa tuliyotenga ya viatu vyake vya shule. Dakika 30 hivi, dogo akatoka na jino limezibwa, anaguna ati mdomo mzito. Viatu bado vimetoboka. Nimeamua viatu vitangoja, juu viatu huwa vinashonwa.

Lakini si haki familia ichague kati ya kiatu na gego. Afya ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Katiba. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa huku, nitaenda, na nitauliza kitu kimoja tu: kituo chetu cha afya kitapata lini mtu wa kuziba meno, na shule zetu zitatembelewa lini? Sitaki tisheti wala unga. Nataka jibu lenye tarehe, na nitalirekodi.

Wewe kazi yako ni ndogo. Leo usiku chukua tochi ya simu, mulika mdomo wa mdogo wako. Ukiona doa jeusi, usingoje liongee. Halafu andika hapo chini kituo cha karibu nawe, na kama kinaziba ama kinang'oa tu. Nitakusanya majibu yote niyapeleke kwenye hicho kikao.